Shibiri ya Nani

Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na jina lake, na pamoja na jina alikuwa na kipimo chake. Baba alikuwa tatu kwa nne. Dada mkubwa alikuwa mbili na vidole vitatu. Na yule kitinda mimba, ambaye hata sasa mvi zinapoanza kumchungulia wenziwe bado wanamwita Kitinda, alianza maisha akiwa moja kasoro, akawa anapanda kidole kwa kidole kila baridi ilipokaribia.

Vilikuwa vipimo vya masweta, na Mama alivipima kwa shibiri. Alitanua mkono mpaka ngozi ya kiganja ikavutika, kidole gumba hapa, kidole cha mwisho kule, hiyo moja. Akahamisha mkono, hiyo mbili. Shibiri tatu upana wa kifua, nne kutoka begani mpaka kwenye pindo, basi huyo ndiye baba yenu, hakuna haja ya kumwita. Hakuviandika popote. Watoto walivijua kwa kuvisikia, kama wanavyojua nyimbo za kurukia kamba, na walitaniana navyo pia: dada akinuna, Kitinda alitangaza nyumba nzima kwamba mbili na vidole vitatu leo hasemeshwi. Watoto walipimwa mwilini kila mwaka kwa sababu hawakutulia, walikua. Mtu mzima hakupimwa tena. Mama alisema mtu mzima akipimwa mara moja imetosha, anayepimwa kila mwaka ni gunia.

Na kichekesho ni kwamba mume wa mwanamke huyu alikuwa seremala. Futi ya chuma ilining'inia kiunoni mwake tangu anavaa suruali asubuhi mpaka anaivua, na hakuwa mtu wa kuamini kitu ambacho hakijapita kwenye futi. Hata mkate aliufumbia jicho moja kwanza ndipo akaukata. Watu wawili wa namna hiyo wakikaa chini ya paa moja, ama watagombana maisha yao yote, ama watapata jambo la kuchekea maisha yao yote. Hawa walipata kabati.

Mwaka wao wa kwanza wa ndoa, Mama aliomba atengenezewe kabati la jikoni, la kukaa kwenye kona nyuma ya mlango. Kona akaipima mwenyewe, akampelekea mumewe kipimo huko karakana: shibiri tano. Futi haina shibiri, kwa hiyo mume akatanua mkono wake mwenyewe, ule mkono wa kushika randa, akapima tano juu ya ubao, akakata. Kabati lilipoingia jikoni lilijaza kona, likaupita mlango, likabaki limetokeza kama mtu anayesikiliza umbeya. Mlango haukufunguka wote tena tangu siku hiyo. Watu wa nyumba ile walijifunza kuingia jikoni kwa ubavu, na mgeni ulimjua kwa kishindo cha nyonga yake.

"Ulisema shibiri tano," mume alijitetea. "Hukusema shibiri ya nani."

Kabati halikupunguzwa. Mbao zilikuwa nzuri mno, na pengine walikuwa wameshalipenda. Lakini kuanzia hapo, kila Mama alipotaja shibiri, Baba aliinua uso kutoka kwenye kikombe chake cha chai na kuuliza, "Shibiri ya nani?" Naye Mama alijibu bila kuondoa macho kwenye sindano, "Ya anayefuma." Watoto walicheka kila mara, hata walipokuwa wakubwa na hawakukumbuka tena wanachekea nini hasa.

Jambo jingine la nyumba ile ni kwamba uzi haukuwahi kustaafu. Sweta likimbana mtoto lilifumuliwa, uzi ukafuliwa, ukakaushwa, ukaviringwa, ukarudi mwilini mwa mtu mwingine. Kitinda alivaa samawati iliyokuwa ya dada, na kabla ya hapo ilikuwa shali ya mtu aliyekwisha sahaulika. Baba yeye alikuwa na rangi moja tu, kijivu, na kijivu chake hakikuchanganyika na cha mtu. Sweta lilipochakaa viwiko Mama alilifumua, akaongeza uzi kidogo pale ulipokufa, akalifuma upya lilelile, tatu kwa nne. Lile la mwisho alilimaliza mwaka aliougua. Alilifuma akiwa amekaa kitandani, na alipolimaliza alilikunja, akaliweka kwenye kiti cha mumewe.

Mama alipofariki, Kitinda alibaki na Baba. Binti huyu alikuwa mwoka mikate. Aliondoka alfajiri watu wamelala na kurudi mchana akinukia chachu, mikono imechoka na kichwa kizito. Dada mkubwa alikuwa muuguzi, anaishi upande wa pili wa mji na mume na watoto wanne, na Jumapili alikuja kuwatazama. Baba hakuwa mtu wa kulia. Alichofanya ni kutomtaja. Jina la Mama likiingia katika mazungumzo, aliona ghafla msumari uliolegea mahali, akainuka kwenda kuupiga. Nyumba ile haikuwahi kuwa imara kama ilivyokuwa miaka hiyo. Na sweta la kijivu alilivaa kila siku, iwe baridi isiwe baridi, mpaka viwiko vikatoboka na pindo likaanza kutoa ndevu.

Alasiri moja Kitinda alimtazama akiinama kuwasha jiko, akaona shati likichungulia pale kwenye kiwiko, akasema, "Baba, nipe hilo sweta nilifumue."

Baba alisimama kidogo. Halafu akalivua, akalikunja vizuri, akampa. Akabaki na shati lake, na kwa mara ya kwanza Kitinda aliona jinsi mabega yalivyoshuka.

Alilifumua siku hiyohiyo, kabla moyo haujabadilika. Uzi ulitoka na mikunjo yake, mstari kwa mstari, kwa sauti ndogo ya kukwaruza ambayo hakuwa ameisikia tangu akiwa msichana. Jumapili dada alipofika alikuta madonge ya kijivu yamejipanga kwenye kikapu.

"Sweta la Baba liko wapi?"

"Ndilo hilo. Namfumia upya."

Dada alikaa polepole kwenye ukingo wa kiti. "Lile alilolifuma Mama?"

"Lilikuwa limetoboka, dada. Yeye mwenyewe angeshalifumua zamani."

"Yeye angelifumua akalifuma yeye," dada alisema. "Kitinda, mdogo wangu, fikiri. Yetu yote yalikwisha, wengine tumewavalisha watoto yakaishia huko. Lile ndilo pekee lililokuwa limebaki limetoka mkononi mwake. Likiharibika kwako, hatuna lingine."

Kitinda hakuwa amelifikiria hivyo. Alikuwa ameona viwiko tu. Alikitazama kikapu. Maji yakimwagika hayazoleki, na hapo kwenye kikapu hapakuwa na sweta la Mama tena, palikuwa na uzi. Ndipo akajiapia kwamba atalirudisha kama lilivyokuwa. Uzi uleule. Sindano zilezile za mti ambazo Baba alizichonga, ncha zimeng'aa kwa vidole vya Mama. Kipimo kilekile.

"Basi angalau mpime Baba kwa futi," dada alisema, sasa kwa upole. "Usibahatishe."

"Mama aliwahi kumpima?"

Dada akatabasamu bila kupenda. "Tatu kwa nne," akasema.

"Tatu kwa nne," akasema Kitinda, na jambo hilo likawa limekwisha.

Tuseme ukweli, mtu wa nje angechukua ile futi ya chuma, akamzungushia mzee kifuani, akamaliza shughuli kwa dakika moja. Lakini mtu wa nje hakulelewa katika nyumba ile. Kwao kumpima Baba kwa futi kungekuwa sawa na kumwambia Mama kwamba hakumjua mumewe.

Kwa hiyo kila mchana, baada ya kuoga na kula, Kitinda alikaa kwenye kiti cha dirishani na kufuma. Mwanzoni vitanzi vilimtoroka. Mikono iliyozoea kukanda unga haikupenda mambo madogomadogo. Ilikuwa mikono mipana, vidole virefu, mikono ya Baba, kila mtu alisema hivyo tangu siku aliyozaliwa. Lakini polepole vidole vikakumbuka. Alikumbuka na mengine yasiyo ya vidole: Mama akihesabu kwa kunong'ona, Mama akisema subiri namaliza mstari, na ole wako ukimsemesha katikati ya mstari hata kama nyumba inaungua. Siku moja alijisikia mwenyewe akimwambia Baba, "Subiri namaliza mstari."

Maana Baba alikuwa ameanza kuja. Zamani alasiri zake zilikuwa za karakana, kule uani, lakini sasa alibeba mguu wa kigoda na kipande cha msasa, akakaa upande wa pili wa dirisha. Aliusugua mguu ule wa kigoda siku nenda siku rudi. Kama kigoda chenyewe kingekuwa na mwenyewe anayekisubiri, angekuwa amekwisha kata tamaa. Baba alisugua, akatazama sindano, akasugua. Hakuinuka kwenda kupiga misumari.

Kitinda alipima kwa kutanua mkono juu ya ufumaji: moja, mbili, tatu. Mgongo ulipokamilika aliuona mkubwa, na ukubwa ule ukamfurahisha. Ndivyo alivyolikumbuka sweta la Baba. Alipokuwa mdogo, usiku wa baridi Mama alimwingiza ndani yake kama mtu anayetia mto kwenye foronya. Miguu ilipotelea humo, mikono ya sweta ikaburuta sakafuni, na shingo ilikuwa mlango ambao kichwa chake kilipita chote bila kugusa. Sweta la Baba lilikuwa nyumba ndani ya nyumba. Lile alilolifumua juzi lilionekana dogo kwa sababu limenywea kwa kufuliwa miaka yote ile, alijiambia, na sasa sufu imerudishiwa pumzi yake.

Hata uzi ulipomwishia kabla hajafuma mikono ya sweta, hakustuka. Akasema ni ule uliokufa kwenye viwiko na pindo. Akaenda dukani, akatafuta kijivu kinachofanana, akapata kilichokolea kidogo, akaifuma mikono yote miwili kwa hicho. Mtu akishaamua kwamba jambo limekwenda vizuri, hata mbiu ya mgambo haisikii.

Jumapili ya kulijaribu, dada alikuja mapema. Baba alisimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono juu kama mtoto anayevalishwa, Kitinda akamshushia sweta.

Lilishuka, likaendelea kushuka. Pindo lilipita kiuno, likapita mapaja, likaja kutulia karibu na magoti. Mikono ilimeza mikono. Shingo iliteleza ikakaa kwenye bega moja, na katikati ya hayo yote kichwa cha mzee kilichomoza, kidogo, na nywele zimesimama.

Dada alijitahidi, Mungu anajua alijitahidi. Kisha kicheko kikamponyoka. "Baba," alisema akijifuta macho, "humo unaweza kukaribisha na mgeni." Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akamwona mdogo wake, na kicheko kikakatika.

Kitinda alikuwa amekaa kitini na mikono mapajani. Hakuwa analia, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kupokea habari mbaya kwenye simu. Kilichomuuma hakikuwa hili sweta kubwa, kilikuwa lile jingine. Alikuwa na kitu kimoja kilichotoka mkononi mwa mama yake, akakivuta uzi mpaka kikaisha, na alichokileta badala yake ni hiki.

"Nilipima," alisema. "Dada, nilipima kila hatua. Tatu kwa nne, kama alivyokuwa akipima yeye." Akainuka, akamwendea Baba, akatanua mkono juu ya kifua cha sweta kutoka mshono mpaka mshono, akihesabu kwa sauti kama mtu anayeapa. "Moja. Mbili. Tatu. Hata kidole hakikuzidi. Nimekosea wapi?"

Kutoka ndani ya sufu ile yote, Baba aliuliza, "Shibiri ya nani?"

Ilikuwa ile sauti ya zamani, ya juu ya kikombe cha chai. Hawakuwa wameisikia tangu msiba. Na safari hii hapakuwa na mtu dirishani wa kujibu, kwa hiyo swali lilibaki hapo katikati ya chumba mpaka likaeleweka.

Kitinda aliutazama mkono wake, ambao bado ulikuwa umetanuka kwenye kifua cha baba yake. Tangu akili zimpambazukie, machoni pake mkono mkubwa katika nyumba ile ulikuwa wa Mama. Ndio uliomfunika paji lote la uso alipokuwa na homa. Ndio uliomshika mkono wake mzima, ngumi na yote, wakivuka barabara. Ndio uliojua kumchapa kofi moja likaenea mgongo. Mara ya mwisho aliyoweka kiganja chake juu ya kile cha Mama alikuwa mtoto, na vidole vyake vilifika katikati tu. Baadaye alikua, na nani, akishakua, humwendea mama yake akamwambia lete mkono tulinganishe? Hata siku zile za mwisho hospitalini alikuwa ameushika bila kuutazama, alikuwa anamtazama usoni.

"Alikuwa mdogo," dada alisema taratibu. "Kumbe alikuwa na mkono mdogo namna hiyo."

Hapo ndipo Kitinda alipolia. Alilia kwa sababu ya mkono mdogo. Hakujua kwamba unaweza kumzika mtu, ukamaliza matanga, ukagawa nguo zake, kisha miaka baadaye ukaambiwa jambo moja zaidi juu yake na ikakubidi uanze upya.

Dada, ambaye kazi yake ilimfundisha kutafuta la kufanya, akasema, "Basi yamekwisha. Tumpime Baba kwa futi, tulifumue, tulifume saizi yake. Bado uzi ni uleule."

"Futi iko hapa," alisema Baba, akijipapasa kiunoni chini ya sufu bila kuipata. "Lakini hilo halitakuwa sweta lake." Akajivua lile gunia, nywele zikasimama zaidi, akaelekea jikoni. "Kitinda, njoo. Njoo na huo mkono."

Waliingia jikoni mmojammoja, kwa ubavu, kama desturi. Baba aliuweka mkono wa binti yake juu ya kabati lile lililotokeza, akautanua kwa upole, kidole kwa kidole, mpaka ukalala wote kwenye ubao. Akatoa penseli nyuma ya sikio. Akafumba jicho moja. Kwa muda alitazama tu, kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata. Kisha akapiga mstari mwembamba kwenye kidole gumba, chini kabisa ya ukucha, na mwingine kwenye kidole cha mwisho, kwenye kiungo cha kwanza.

"Alikuwa anaanzia hapa," alisema, "anaishia hapa."

"Umejuaje?" dada aliuliza. "Baba, ulimpima lini?"

"Sikumpima. Kabati hili lilipoingia na kuziba mlango, alinikalisha hapahapa. Akaweka mkono wake juu ya wangu, akasema, uujue kuanzia leo, sitaki kuambiwa tena shibiri ya nani." Akapitisha kidole chake polepole kati ya mistari ile miwili. "Nikaujua. Lile swali niliendelea kuuliza ili anijibu tu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema juu ya mkewe tangu wamzike, na hakuinuka kutafuta msumari. Mabinti zake wawili walisimama wakiogopa kumshtua.

Kitinda alirudi naye chumbani, akatanua mkono kwenye kifua cha shati lake, akihesabu kutoka mstari mpaka mstari wa penseli. Moja, mbili, tatu. Ilianzia ubavu mmoja ikaishia ubavu wa pili, na hewa kidogo ya mtu kupumua.

Jioni, dada alipoondoka, Kitinda aliketi na kuanza kufumua. Baba akavuta kiti karibu, akanyoosha mikono miwili mbele yake, na uzi ukazungushwa kwenye mikono hiyo, raundi baada ya raundi, kama alivyokuwa akikaa zamani mbele ya mtu mwingine, akilalamika kwamba amegeuzwa kigingi. Leo hakulalamika.

"Jicho lako," Kitinda alisema katikati ya kazi. "Wewe unaona ubao uliopinda ukiwa ng'ambo ya barabara. Hukuliona sweta hili?"

Baba aliutazama uzi kwenye mikono yake. "Niliona tangu ulipofika kwapani."

"Na ukanyamaza. Siku zote hizo unasugua mguu wa kigoda."

"Ningesema ungesimama," alisema. Kisha, kwa sababu hilo halikutosha, akaongeza, "Nilikuwa nimezoea tena kukaa na mtu anayefuma. Nilijua ukimaliza utalifumua, uanze tena. Nikaona, si vibaya."

Kitinda alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Akaendelea kuvuta uzi.

Alianza upya. Lakini kazi ya mwoka mikate ni maji, mafuta na unga, na kila siku alirudi nyumbani mikono imetakata, mistari imefutika. Kila siku Baba alikuwa anamsubiri kwenye kabati. Alisema, "Lete mkono," akafumba jicho, akapiga mistari miwili, pale pale pa jana. Kitinda alikuwa na hila yake ndogo: siku nyingine aliacha alama hafifu ya jana isifutike vizuri, aone kama itatofautiana na ya leo. Haikutofautiana hata kwa unene wa penseli. Wangeweza kupima mara moja kwa futi, wakajua ni inchi ngapi, wakaachana na penseli. Baba hakulisema jambo hilo, na Kitinda hakulisema pia.

Sweta lilikamilika baridi inaanza kulegea. Uzi wa zamani ulitosha mwili na mikono. Ule mpya wa kukolea uliingia viwikoni tu, kama viraka, na donge lililobaki lilikuwa kubwa. Jumapili Baba alilivaa mbele yao wote wawili. Lilikaa. Dada alimzunguka mara moja, akalivuta pindo kidogo, akamgeuzia mdogo wake uso uliolowa na kutikisa kichwa kukubali. Mchana wote mzee alivaa sweta lake huku jua likiwaka.

Jumatatu Kitinda alirudi kutoka kazini kwake, akaoga, akaingia jikoni kwa ubavu kutafuta chai. Baba alikuwa amesimama kwenye kabati na penseli mkononi.

"Lete mkono," alisema.

"Baba, sweta si limekwisha? Unalo mwilini."

"Ninalo. Lakini kuna uzi umebaki mwingi, na dada yako kule kwake asubuhi anatetemeka." Aligonga ubao kwa ncha ya penseli. "Mbili na vidole vitatu."

Kitinda akacheka. "Hiyo ilikuwa kabla hajaolewa. Sasa hivi ana watoto wanne, atatupasukia."

"Basi tuongeze. Weka mbili na vidole saba."

Kitinda aliweka mkono wake juu ya kabati, akautanua bila kusaidiwa. Swali lilimjia mdomoni kabla hajalifikiria, na alilisema bila kuinua macho.

"Vidole vya nani?"

Baba alikuwa ameshafumba jicho moja. "Vya mama yako," alisema, akapiga mstari wa kwanza.